Ernest Solvay: fundi asiyesoma chuo kikuu, aliyeiteremsha bikarbonati mpaka sokoni kwetu

Kisangani, Tshopo. Alfajiri, kabla taksi-moto hazijajaa kwenye barabara za Makiso na Mangobo, akina mama wanaokaanga mikate wamekwisha kuwasha makala. Unga wa ngano, sukari, levire, maji ya vuguvugu. Wengine wanaongeza kijiko kidogo cha poda nyeupe iliyofungwa katika kamfuko ka plastiki: bikarbonati. Poda hiyohiyo inatiwa katika chungu cha maharagi magumu ili yaive upesi na makala yasiishe. Inatiwa katika sombe. Inakunywewa na mtu ambaye tumbo linamuungua, na inasugulia sufuria iliyoungua.

Miaka mia mbili iliyopita, poda kama hiyo ilikuwa kitu cha duka la dawa huko Ulaya, kitu cha bei. Leo ni kati ya vitu vya bei ndogo katika soko kuu la Kisangani. Aliyechangia zaidi ya wengi mabadiliko hayo ni Mbelgiji mmoja aliyekufa tarehe 26 Mei 1922: Ernest Solvay. Wanafunzi wa kemia wanalijua jina lake, kwa sababu wanalikuta katika masomo ya sekondari na ya chuo kikuu. Lakini maisha yake wachache wanayajua, na ndani yake kuna somo kwa kijana yeyote wa mji wetu ambaye ugonjwa au ukosefu wa pesa umemfungia mlango wa shule.

Mtoto wa mwenye chumvi

Ernest Solvay alizaliwa tarehe 16 Aprili 1838 katika Rebecq-Rognon, mji mdogo wa kusini mwa Brussels. Baba yake, Alexandre, alikuwa na kazi ya machimbo ya mawe na pia alisafisha chumvi na kuiuza. Kwa hiyo mtoto alikua kati ya vitu viwili ambavyo baadaye vitamfanya tajiri: chumvi na mawe.

Alipenda fizika na kemia, na katika chumba chake alifanya majaribio. Jamaa ilitazamia kwamba ataingia chuo kikuu na kuwa enjinia. Lakini akiwa kijana aliugua sana mapafu, ugonjwa wa utando unaoyazunguka, na masomo yakasimama. Hakuingia chuo kikuu hata siku moja. Elimu iliyobaki aliitafuta katika vitabu, usiku, na katika kazi.

Kazi hiyo aliipata kwa jamaa yake Florimond Semet, aliyekuwa mkubwa wa kiwanda cha gazi huko Brussels. Wakati ule taa za barabarani ziliwaka kwa gazi iliyotoka katika makaa ya mawe. Gazi hiyo ilipaswa kusafishwa kwa maji kabla ya kuingia katika mabomba, na maji hayo yalibaki yakinuka vikali, kwa sababu yalijaa amonia. Kwa wengi yalikuwa uchafu wa kumwaga. Kijana Solvay aliambiwa atafute njia ya kuyapatia faida.

Soda ilikuwa shida ya dunia

Ili kuelewa alichokiona, inafaa kujua soda ilikuwa na maana gani wakati ule. Hatusemi soda ya kunywa. Tunasema chumvi mbili za sodiamu zinazofanana kama ndugu: karbonati, inayotumika kutengeneza kioo, sabuni na kuosha nguo viwandani, na bikarbonati, iliyo laini zaidi, inayotumika katika chakula na dawa.

Zamani watu wa Ulaya walipata soda kwa kuchoma mimea ya pwani ya bahari na kuchuja majivu yake. Jambo hilo si geni kwetu. Kando ya mto Kongo na katika misitu ya bonde lake, wazee walichoma majani ya majini na sehemu za mngazi, wakachuja majivu kwa maji, wakachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kienyeji. Tofauti ni kwamba chumvi ya majivu ya mimea ya bara ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Lakini tabia zake zinakaribiana na za soda: inalainisha majani magumu, inapunguza uchachu.

Wakati viwanda vya kioo na vya nguo vilipoongezeka, majivu hayakutosha tena. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya uvumbuzi ya kutengeneza soda kutoka chumvi ya kawaida kwa nguvu ya asidi ya salfa na makaa. Njia yake ilitumika miaka mingi, lakini ilikuwa chafu. Ilitoa gazi ya asidi iliyokausha miti ya jirani, na vilima vya takataka vyenye harufu ya mayai mabovu. Leblanc mwenyewe alipoteza kiwanda chake katika mapinduzi ya Ufaransa na akajiua mwaka 1806, akiwa maskini.

Poda nyeupe chini ya chombo

Mwaka 1861 Solvay alichanganya maji ya chumvi na amonia, akapitisha ndani yake gazi karboni, ile inayotoka katika jiwe la chokaa linapochomwa. Maji yakachafuka, na poda nyeupe ikateremka chini. Poda hiyo ilikuwa bikarbonati ya sodiamu.

Sababu yake ni rahisi. Katika mchanganyiko ule, bikarbonati ndiyo isiyoyeyuka vizuri katika maji kuliko chumvi zingine zilizomo. Kwa hiyo inajitenga yenyewe na kuanguka, na fundi anaichuja tu. Akiipasha moto, inatoa maji na gazi karboni, na inakuwa karbonati. Gazi inayotoka inarudishwa kazini. Amonia pia, ambayo ni ya bei kubwa, inarudishwa kwa kutumia chokaa iliyobaki baada ya jiwe kuchomwa. Mwishoni kiwanda kinakula vitu viwili tu vya bei ndogo, chumvi na jiwe la chokaa, pamoja na makaa ya kuwasha moto. Vitu vilevile alivyoviona kwa baba yake.

Solvay aliandikisha uvumbuzi wake mwezi wa Aprili 1861. Aliamini kwamba amepata kitu ambacho hakuna mtu amekiona. Alikosea.

Pigo la kwanza

Baadaye aligundua kwamba wazo lile lilikuwa limekwisha kuandikwa na wengine. Mfaransa Augustin Fresnel alilijua tangu mwaka 1811. Dyar na Hemming walikuwa wameliandikisha Uingereza mwaka 1838, mwaka uleule Solvay alipozaliwa. Watu wenye elimu kubwa na pesa walikuwa wamejaribu kujenga viwanda, na wote walishindwa: amonia ilipotea hewani, vyombo viliziba, hasara ikazidi mapato. Hati yake ya kwanza, kwa hiyo, haikuwa na nguvu nyingi mbele ya sheria.

Mtu mwingine angefunga kitabu. Yeye na mdogo wake Alfred, aliyekuwa ametoka kwenye kazi ya biashara Uingereza, waliamua kuendelea. Mwanasheria Eudore Pirmez aliwasaidia kuona jambo moja: kama wazo si lao, vyombo vinaweza kuwa vyao. Uvumbuzi wa kweli ungekuwa kujenga mashine inayofanya kazi mchana na usiku bila kupoteza amonia. Hati mpya zikaandikishwa juu ya vyombo, na mwezi wa Desemba 1863 kampuni Solvay ikaanzishwa, kwa pesa za jamaa na za marafiki wachache. Mwaka huohuo Ernest alioa Adèle Winderickx.

Kiwanda cha kwanza kilijengwa Couillet, karibu na Charleroi, na kikaanza kazi mwaka 1865. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Mabomba yaliziba, vyombo viliharibika, na pesa zikaisha. Ndugu hao wawili walikaribia kufilisika, na jamaa ilipaswa kutoa akiba yake ili kazi isife. Waliendelea kutengeneza kilichovunjika.

Kilichowaokoa ni mnara. Badala ya pipa linalojazwa na kumwagwa, Solvay alijenga mnara mrefu wa chuma wenye sahani nyingi ndani. Maji ya chumvi yenye amonia yanaingia juu na kushuka. Gazi karboni inaingia chini na kupanda. Vinakutana njiani, na bikarbonati inatoka chini bila kusimama. Mwaka 1867 soda ya Couillet ilipata medali katika maonyesho makubwa ya Paris. Tangu hapo mambo yakaanza kunyooka.

Kutoka Couillet mpaka Magadi

Mwaka 1872 mkemia Ludwig Mond, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alikwenda kumwona Solvay na kununua ruhusa ya kutumia njia yake. Mwaka uliofuata, pamoja na John Brunner, alianzisha kampuni Brunner Mond. Viwanda vingine vikafuata: Dombasle katika Ufaransa, kisha Ujerumani, Urusi, na Syracuse katika Marekani. Mwaka 1883, wakati watu wa Stanley walipoweka kituo hapa kwenye maporomoko, kile ambacho baadaye kilikuwa Stanleyville na leo ni Kisangani, Solvay alikuwa tayari mmoja kati ya wenye viwanda wakubwa wa Ulaya.

Bei ya soda ilishuka sana. Viwanda vya Leblanc vilipigana kwa miaka, kisha vikafungwa kimoja kimoja. Kioo cha dirisha na kipande cha sabuni vikaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Kwa Afrika ya Mashariki, njia hiyo ina kona yake ya ajabu. Katika Kenya kuna Ziwa Magadi, ambalo limejaa soda ya asili, mchanganyiko wa karbonati na bikarbonati unaojitengeneza wenyewe kwa jua. Neno magadi katika Kiswahili ni soda yenyewe. Mwaka 1924 kampuni ya Magadi ilichukuliwa na Brunner Mond, yaani wale waliotajirika kwa njia ya Solvay. Waliokuwa wakitengeneza soda kwa mnara walikuja kuichimba pale ambapo Mungu ameiweka bila mnara. Kazi ya Magadi inaendelea mpaka leo, chini ya kampuni Tata ya Uhindi. Na wakaaji wa Beni na Butembo wanajua vizuri chumvi ya Katwe, ng'ambo ya mpaka katika Uganda, ambayo nayo ina soda ndani yake.

Sabuni ya Ulaya, mawese ya Tshopo

Jimbo letu pia lilikuwa katika mnyororo huo, lakini upande wa wanaotoa. Sabuni inahitaji vitu viwili: soda na mafuta. Soda ilipokuwa nyingi na ya bei ndogo, wenye viwanda vya sabuni walianza kutafuta mafuta. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya mingazi katika Kongo. Moja lilikuwa Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu, kando ya mto katika Tshopo. Wazee wetu walipanda mingazi na kukata ngazi kwa mshahara mdogo, na wengi kwa kulazimishwa. Sabuni ilitengenezwa mbali. Solvay hakuwa mwenye mashamba hayo. Lakini mtu akiandika historia ya soda ya bei ndogo bila kutaja nani alitoa mafuta, ameandika nusu tu.

Pesa, sayansi na njaa

Solvay hakuwa tajiri wa kawaida. Alikuwa seneta wa chama cha Liberali katika miaka ya 1890. Katika viwanda vyake aliweka pensheni, siku ya kazi ya saa nane na likizo yenye kulipwa kabla sheria za Ubelgiji hazijalazimisha. Alifikiri kwamba urithi unapaswa kutozwa kodi, kwa sababu mtu aanze maisha kwa kazi yake, si kwa mali ya baba. Katika Brussels alijenga chuo cha fiziolojia, chuo cha sosiolojia, na mwaka 1903 shule ya biashara inayobeba jina lake hata leo.

Mwaka 1911 alialika katika hoteli Métropole ya Brussels wanafizika wakubwa wa dunia, na gharama akalipa yeye. Marie Curie alikuwepo, mwanamke peke yake. Walikuwepo Albert Einstein, Max Planck, Henri Poincaré, Ernest Rutherford. Solvay, ambaye hakuwa na diploma ya chuo kikuu, aliwaeleza nadharia yake mwenyewe juu ya nguvu ya uvutano na maada. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea na mambo yao. Nadharia yake haikubaki. Mikutano yake imebaki, na inafanyika mpaka leo.

Vita vya 1914 vilipofika na Wajerumani wakaishika Ubelgiji, watu walikosa chakula. Solvay, akiwa na miaka 76, alikuwa rais wa kamati ya taifa ya msaada na chakula. Kazi ya kila siku iliongozwa na Emile Francqui, afisa aliyefika Katanga katika msafara wa 1891 na 1892, na ambaye jina lake lilipewa bandari ya Ilebo wakati wa ukoloni. Baada ya vita Solvay alipewa cheo cha waziri wa taifa. Alikufa Brussels akiwa na miaka 84.

Kuna upande mwingine wa hesabu. Mnara wake unatoa taka: maji yenye kloridi ya kalsiamu. Sehemu nyingi yalimwagwa katika mito na maziwa kwa miaka mingi. Ziwa Onondaga, karibu na Syracuse, liliumia sana. Njia iliyokuwa safi kuliko ya Leblanc haikuwa safi kabisa.

Poda hii inafanya nini kweli?

Bikarbonati ni alkali dhaifu. Ikikutana na kitu kichachu, kama ndimu au maziwa yaliyoganda, inatoa gazi karboni na kutokota. Ikipashwa moto inatoa gazi hiyohiyo. Hiyo ndiyo inainua mkate na kuufanya mwepesi. Aina fulani za poda ya kuzimia moto ni bikarbonati pia, ya sodiamu au ya potasiamu.

Katika maharagi na sombe, alkali inalegeza kile kinachoshikamanisha ngozi na majani, chakula kikaiva upesi. Lakini inaharibu sehemu ya vitamini, na ikizidi inaleta ladha ya sabuni. Kidogo kinatosha.

Katika tumbo inazima asidi, ndiyo sababu mtu anasikia nafuu. Lakini ina sodiamu nyingi. Mwenye tansio, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mama mjamzito, wasiifanye dawa ya kila siku bila kumwuliza daktari. Maumivu yanayorudi kila wiki hayatibiwi kwa kijiko cha poda.

Kuhusu kolera, mji wetu hauhitaji kukumbushwa. Mwaka 2011 ugonjwa ulianza hapa Kisangani na kushuka na mto mpaka Kinshasa. Mgonjwa wa kolera anapoteza maji, chumvi na bikarbonati ya mwili wake. Ndiyo sababu serumu ya kunywa iliyopendekezwa na Shirika la Afya la Dunia katika miaka ya 1970 ilikuwa na gramu 2.5 za bikarbonati ya sodiamu katika litri moja ya maji. Tangu mwaka 1984 nafasi hiyo imechukuliwa na sitrati, ambayo inadumu zaidi katika joto na unyevu. Kwa hiyo pakiti ya leo imekamilika: usiongeze bikarbonati ndani yake.

Onyo moja la soko

Katika masoko yetu, poda nyeupe nyingi zinauzwa katika vifuko bila maandishi. Hapo ndipo hatari iko. Soda kostiki, inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, ni nyeupe pia, na mara nyingi iko kama vipande vyembamba au chembe. Ikiingia katika maji inachemka moto, na ikiingia kinywani inachoma koo na tumbo. Mtoto anaweza kufa au kubaki na koo lililofunga. Usiijaribu kwa ulimi. Jaribio la ndimu nalo halitoshi, maana karbonati ya kuoshea inatokota sawasawa na bikarbonati. Ulinzi wa kweli ni kununua pakiti iliyofungwa yenye jina, na kuiweka mbali na vitu vya sabuni. Mtoto akimeza soda kostiki, asitapishwe: apelekwe hospitalini palepale.

Ernest Solvay alianza na maji machafu ya gazi ambayo wengine walimwaga. Wazo lake lilikuwa limekwisha kupatikana, shule ilikuwa imemkatalia, na akiba ya nyumbani ilikaribia kuisha. Kilichokuwa chake ni mnara, na miaka ya kuutengeneza kila ulipoziba. Kisangani ina mafuta ya ngazi, ina mto, ina chuo kikuu chenye mafundisho ya kemia tangu miaka mingi. Lakini bikarbonati na soda ya sabuni zinaendelea kutufikia kutoka mbali, kwa boti, kwa lori na kwa ndege, na mama wa mikate ndiye anayelipa safari hiyo kila asubuhi.